Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Kornelia wa Gitting alikuwa mwanamke wa majivuno, na tuseme ukweli mapema, alikuwa na cha kujivunia. Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali watu walijivunia mambo mengi. Huyu alijivunia bati la nyumba, yule alijivunia kijana wake aliyepata kazi ya kuendesha trekta kule tambarare. Kornelia alijivunia matumbo. Alizaa watoto wanane, akawakuza wote wanane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa kwa kuhara. Jambo hilo alilisema kanisani, kisimani na mnadani. Mara moja alilisema msibani, mpaka mumewe, Tluway, akamvuta khanga ili anyamaze.

Siri yake haikuwa siri, kwa kuwa aliitangaza mwenyewe. Ilikuwa kibuyu. Kilining'inia kwenye nguzo karibu na jiko, cheusi, kinang'aa kwa moshi wa miaka, na ndani yake maziwa ya mgando hayakuisha hata siku moja. Kila asubuhi alimimina humo maziwa mabichi, akakisukasuka kidogo, na kesho yake yalikuwa yameganda, mazito, yenye uchachu unaofanya mtu afumbe jicho moja. Kile kidogo kilichobaki chini, ambacho kiligandisha maziwa ya kesho, alikiita mbegu. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa kutoka Nambis. Alikuja nayo kwa miguu mpaka Gitting, kibuyu amekikumbatia kifuani, na mzigo mwingine wote akawaachia mashemeji.

"Watu wanadhani tumbo ni mfuko," alikuwa akisema. "Tumbo ni zizi. Lina mifugo yake humo ndani. Usipoilisha inakufa, na zizi likiwa tupu fisi anahamia."

Hakuwa amewahi kuona hadubini. Hayo aliyajua kwa kulea watoto na kuwatazama.

Jambo la pili lililompa majivuno lilikuwa mkwe wake, Hermani, mume wa binti yake wa mwisho, Fabiola. Hermani alikuwa mganga wa zahanati ya kambi ya shamba la ngano. Kazi yake ilikuwa kutibu madereva, mafundi na vibarua, na kila Alhamisi alipanda mpaka vijijini kufundisha usafi. Alivaa koti jeupe, akasimama mbele ya watu, akasema chemsheni maji, chimbeni vyoo, vyombo vioshwe kwa maji moto na sabuni. Watu walimsikiliza. Nusu ya vyoo vya kijiji vilichimbwa kwa sababu yake. Cha Kornelia kilikuwa bora kuliko vyote, kwa maana kilikuwa na mlango wa bati aliouleta Hermani mwenyewe. Mlango ule ulipiga kelele ukifunguliwa, ukapiga kelele ukifungwa, na Kornelia alipenda hivyo, majirani wajue.

Lakini mkwe ni mkwe. Kwa desturi ya watu wa huko, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hawali chumba kimoja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa bahati mbaya. Kornelia alimpenda Hermani kwa kusikia sauti yake nyuma ya ukuta na kwa kuona viatu vyake.

Mwaka ule, mvua za masika zilipoanza, Hermani aliugua homa ya matumbo. Alitibiwa, homa ikaondoka, ila tumbo halikurudi sawasawa. Na hapo ndipo elimu ilipomponza. Mtu mwingine angekwenda kwa mganga akaambiwa subiri. Hermani ndiye mganga, na ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa mfukoni mwake. Tumbo likinguruma, alimeza vidonge vya rangi mbili. Likinguruma tena, alibadilisha aina. Miezi minne alikwenda hivyo, mpaka mkanda wa suruali ukatobolewa matundu mapya matatu.

Kibaya zaidi, katikati ya hali hiyo barua ikaja. Amepata nafasi ya kusomea udaktari msaidizi, nafasi aliyoiomba miaka sita mfululizo. Aripoti chuoni baada ya wiki nne, apimwe afya mlangoni, na asiyefaa kwa afya nafasi yake apewe mwingine. Hermani alisoma barua ile akiwa amekaa, kwa sababu kusimama kulimshinda.

Kornelia alijua yote hayo kwa barua ya Fabiola iliyoletwa na dereva wa lori siku ya Jumatatu. Aliisoma mwenyewe. Alikuwa na cheti cha elimu ya watu wazima, na hakumpa Tluway nafasi ya kumsaidia.

"Mama, shikamoo," Fabiola aliandika. "Tumetoka hospitali. Daktari mzee anayeitwa Felician amempigia Hermani marufuku vidonge vyote. Anasema tumboni mwa kila mtu mna vijidudu visivyo na idadi, na vingi ni vizuri, vinasaidia kusaga chakula na kuvizuia vibaya visipate pa kukaa. Anasema Hermani amevimwagia dawa vyote, vizuri na vibaya, kama wanavyomwaga dawa shambani, na sasa palipobaki wazi yameota magugu matupu. Inatakiwa vile vizuri virudishwe na vilishwe. Ale maharage, uji wa ulezi, mboga za majani, na maziwa ya mgando ya kienyeji kila siku bila kuruka. Nimemwambia kuhusu kibuyu chako. Amesema, basi mpeleke huko. Tutafika Jumatano."

Kornelia aliisoma mara nne. Kisha akatoka nayo. Alipita nyumba ya kwanza, akasoma. Akapita ya pili, akasoma. Daktari wa hospitali, mwenye hadubini mezani, amesema yale yale aliyoyasema yeye kuhusu zizi! Na mgonjwa ameondolewa kwenye dawa za kabatini, analetwa kwenye kibuyu chake. Hadi anarudi nyumbani alikuwa anatembea katikati ya njia, na mwenye baiskeli alilazimika kumpisha.

Jumanne asubuhi alikitazama kibuyu, na kwa mara ya kwanza maishani akakionea aibu.

Kilikuwa cheusi. Mdomo wake ulikuwa na ukoko. Kornelia aliwaza: huyu anayekuja ndiye mwenye koti jeupe, ndiye anayetuambia maji moto na sabuni. Atainua kibuyu, atachungulia, halafu atasema nini moyoni kuhusu nyumba alikooa? Siku zote Kornelia alikisugua kibuyu kwa mkia wa ng'ombe uliofungwa kwenye kijiti, akakifukiza kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori, akakung'uta makaa, basi. Mara hii aliona haitoshi. Alikuwa na kipande kimoja cha sabuni, na sabuni miaka ile ilikuwa haionekani madukani. Alikitunza tangu Pasaka ndani ya kitambaa. Alikitoa.

Maziwa yaliyokuwamo aliwagawia watoto wa jirani, kwa furaha, kikombe kwa kikombe, mpaka tone la mwisho. Hakuweka akiba hata kijiko. Miaka thelathini na moja kibuyu kile kimekunywa maziwa, aliamini mbegu imeshaingia ukutani mwa kibuyu chenyewe, haitoki. Kisha akachemsha sufuria tatu za maji, akamimina, akasugua kwa sabuni, akamwaga, akamimina tena. Povu lilitoka jeusi, baadaye la kijivu, mwishowe jeupe. Akakianika juu ya paa.

Tluway alikitazama akiwa amesimama na fimbo yake.

"Umekisafisha," akauliza, "au umekichinja?"

"Nenda kachunge," Kornelia akamjibu.

Jumatano Hermani alishuka kwenye lori, na Kornelia, akiwa nyuma ya mlango, aliona viatu. Vilikuwa vile vile, ila vilikuwa vinaburutwa. Akatazama juu kidogo kuliko desturi inavyoruhusu, akaona koti limening'inia kama limetundikwa msumarini. Huyu kijana alikuwa anakwisha.

Alimimina maziwa mabichi kibuyuni, akamwambia Fabiola yatakuwa tayari kesho. Kesho yake akafungua kibuyu, na kabla hajachungulia pua ilishamwambia. Maziwa hayakuganda. Yalikuwa yameoza, yanavutika kama ute, yana harufu ya mzoga na sabuni. Kornelia alikaa chini, kibuyu mapajani. Mbegu ya mama yake imekufa. Ameiua yeye, kwa mkono wake, kwa sabuni yake ya Pasaka.

Hapo mtu mwenye akili angesema. Kornelia alikuwa na akili, lakini alikuwa ameshazisomea nyumba mbili ile barua. Alichukua maziwa mabichi, akayapasha moto, akayakamulia limau. Yakakatika, yakafanana na mgando kwa mtu asiyejua. Akayaweka kwenye kikombe, akampa Fabiola ampelekee mumewe, ambaye alikuwa analala kwenye kibanda cha wageni pembeni ya uwanja.

Sasa, desturi ilimkataza kuuliza tumbo la mkwe linaendeleaje. Haikumkataza kuwa na masikio. Kornelia aliketi uani akipukuchua maharage na kusikiliza mlango wa bati. Alhamisi ulilia mara tisa. Ijumaa ulilia mara kumi na moja. Kila ulipolia aliinamisha kichwa, na maharage yakawa yanaangukia nje ya ungo.

Jumamosi asubuhi Fabiola alikuja jikoni na kikombe mkononi. Alikuwa amekionja.

"Mama, haya ni maziwa ya nani?"

"Ya kwangu."

"Mama."

"Nimesema ya kwangu."

"Mimi nimelelewa na kibuyu kile," Fabiola akasema taratibu. "Hata nikifungwa macho nayajua maziwa yako. Haya si yako. Haya ni limau."

Kornelia aligeukia jiko, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kwanza akakasirika. Halafu, chini ya hasira, akaona kitu kingine kinampanda kifuani, na kilikuwa fahari: binti yake ameweza kuyajua kwa ulimi. Aliyemfundisha ulimi huo ni yeye. Mtoto wa namna hiyo hadanganywi na mama yake. Akakaa juu ya kigoda, akasimulia yote, kuanzia sabuni mpaka limau, na machozi yaliyomtoka aliyafuta kwa nguvu kama anayeua nzi.

"Nikamwambie Hermani?"

"Ukimwambia ninarudi Nambis nikafie huko. Nipe siku moja. Nitatafuta mbegu."

Kusema ni rahisi. Wanawake wa Gitting aliowahi kuwapa mbegu walikuwa wengi, lakini karibu wote walishaacha. Malisho ya chini yalilimwa ngano, ng'ombe wakapungua, na kidogo kilichokamuliwa kiliuzwa kambini kikiwa kibichi. Watoto walikunywa chai. Kornelia alihesabu majina yote kichwani, akabaki na moja, na hilo moja alikuwa hataki hata kulitamka.

Lilikuwa la Mama Gidamis, Mbarabaig, mfugaji wa kule tambarare.

Miaka kumi na moja nyuma, mwaka wa ukame, ng'ombe wa Mama Gidamis walikauka maziwa kwa miezi, vibuyu vyake vikakauka navyo. Alipanda mpaka Gitting kuomba mbegu. Kornelia alimpa, tena alimpa bakuli zima. Kosa lilikuwa la baada ya hapo. Kila mnada alisimulia: "Wabarabaig, wenye ng'ombe wa kujaza bonde, walikuja kwangu kuomba maziwa!" Watu wakacheka, maneno yakasafiri, yakafika. Tangu hapo wale wanawake wawili walikuwa wakipishana bila salamu. Halafu kulikuwa na jambo la umri. Walizaliwa mwaka mmoja au karibu hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa mdogo, kwa hiyo hata kabla ya ugomvi shikamoo ilikuwa haijawahi kutoka upande wowote.

Jumapili Kornelia hakwenda kanisani. Kijiji kizima kilishangaa. Alishuka mlima alfajiri, na jua lilipochomoza lilimkuta ukingoni mwa shamba la ngano. Ilikuwa wakati wa mavuno. Njano ilianzia miguuni pake ikaenda hadi pale macho yanapochoka, na mbali mashine za kuvunia zilitambaa ndani ya vumbi lao. Njia ya zamani ya ng'ombe ilikuwa imelimwa. Kukatisha shambani hakukuruhusiwa, basi akazunguka mpaka wote, saa nne za kutembea, jua likipanda utosini, akiwaza atakavyoanza.

Boma la Mama Gidamis lilikuwa limehamishwa mara mbili kulipisha shamba. Alimkuta mwenyewe mlangoni, amevaa ngozi yake yenye shanga, bangili za shaba zimejaa mikono yote miwili, anakisukasuka kibuyu. Aliinua macho, akaona ni nani, akaendelea kusukasuka.

Maneno yote aliyoyapanga Kornelia njiani yalipotea. Likabaki moja.

"Shikamoo," akasema.

Kibuyu kikasimama. Mama Gidamis alimtazama kwa muda, kama mtu anayehakikisha kuwa amesikia vizuri.

"Marahaba," akajibu. "Nani amekufa?"

"Mbegu yangu. Nimeiua mimi."

"Umeiua vipi?"

"Nimekiosha kibuyu."

"Kuosha si kuua."

"Kwa sabuni. Na maji ya moto. Mara tatu."

Mama Gidamis akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, bangili zikilia, na kutoka ndani ya nyumba wakwe zake wawili wakachungulia, wakaambiwa kwa lugha yao, nao wakaanza. Kornelia alisimama pale juani, amenyooka, akawaacha wacheke. Kwa kweli alistahili. Lakini hakuinamisha kichwa, kwa sababu hakuja kuiba, amekuja kuomba.

"Kwa nini ukafanya hivyo, wewe ambaye ulinifundisha mimi kutokiosha kwa sabuni?" Mama Gidamis aliuliza alipopata pumzi.

"Mkwe anakuja. Mwenye koti jeupe. Niliona aibu. Anaumwa tumbo miezi minne. Wiki tatu zijazo anatakiwa chuoni, asipopona nafasi inakwenda. Daktari amemleta kwangu anywe maziwa, na mimi nimempa limau siku mbili. Nimekuwa mwongo nyumbani kwangu. Na nilikuwa mwongo mnadani pia. Nilisimulia kwamba umekuja kuomba, sikusimulia kwamba ulinishukuru vizuri, ukanipa ndama."

Kicheko kikaisha. Mama Gidamis aliingia ndani. Alitoka na kibuyu kidogo kilichofungwa mdomo kwa kamba, bado kina joto la jikoni. Alikifungua, akamwagia tone kiganjani mwa Kornelia.

Kornelia aliramba. Jicho moja likafumba lenyewe.

Ghafla akajiona yuko Nambis. Alikuwa jikoni kwa mama yake, na mwiko mkononi, na moshi wa mzeituni pori machoni. Ilikuwa ladha ile ile. Haikuwa imepotea hata kidogo.

"Ni haya haya," akasema.

"Ni haya haya. Watoto wangu wamekunywa tangu ukame ule. Gidamis ana watoto watatu sasa, wote wanakunywa. Tumehama nayo mara mbili." Mama Gidamis akakifunga kibuyu, akakitia mikononi mwake. "Haya, nenda. Mgonjwa hangojei wanawake wapige soga."

Jumatatu kazi ikaanza. Kornelia hakumpa Hermani kikombe kizima. Zizi lililokuwa tupu halijazwi kwa siku moja, alisema, mifugo itapigana. Alianza na nusu kikombe asubuhi, nusu jioni. Siku ya tatu akaongeza uji wa ulezi uliolala ukachacha. Siku ya nne maharage machache, yaliyopikwa mpaka yakalainika, na majani ya maboga. Mandazi ya ngano nyeupe ya kambini, ambayo Hermani alikuwa ameyazoea pamoja na chai ya sukari nyingi, hayakuingia uwanjani. Na kila kitu kilipita mikononi mwa Fabiola. Mama na mkwe hawakuonana.

Siku ya tano tumbo la Hermani lilijaa gesi, likavimba, likalia hata nje likasikika. Fabiola alikuja jikoni mbio.

"Mama, ana vidonge kwenye mfuko wa koti. Alivificha. Anasema avimeze viwili tu, leo tu."

Kornelia alifanya nini? Kumwendea hawezi. Kumtajia tumbo lake hawezi. Alitoka uani, akamshika mbuzi aliyekuwa amefungwa karibu na kibanda cha wageni, akamkemea kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani.

"Wewe mbuzi! Umepandiwa mbegu nzuri, ndiyo kwanza inaota, inajinyoosha, inagombana na magugu, wewe unataka kumwaga dawa tena shambani! Miezi minne umemwaga, umevuna nini? Ukimeza kitu leo, nakuapia, hakuna chuo mwaka huu, utabaki hapa hapa ukila majani!"

Mbuzi alimtazama. Baadaye kidogo Fabiola alitoka kibandani na vidonge kiganjani, akavitumbukiza chooni, na bega lake lilikuwa linatikisika kwa kicheko alichokizuia.

Tangu siku hiyo Kornelia alipukuchua maharage mengi kuliko familia ilivyoweza kula. Mlango wa bati ulilia mara sita. Wiki ya pili ilipoanza, mara nne. Siku moja ulilia mara saba, ila kesho yake ukarudi mara tatu. Sauti ya Hermani nyuma ya ukuta ilianza kuwa na uzito. Siku moja Kornelia alisikia shoka, akauliza nani anapasua kuni, akaambiwa ni mkwe. Akaingia ndani ya nyumba kwa haraka, maana alikuwa anatabasamu peke yake kama mwali.

Na ikaja asubuhi ya wiki ya tatu ambapo mlango ulilia mara moja baada ya kuamka, halafu ukanyamaza. Ukanyamaza hadi adhuhuri. Ukanyamaza hadi ng'ombe wakarudi. Tluway alimkuta mkewe ameketi anautazama mlango wa choo kwa macho ya upendo.

"Umekuwaje?" akauliza.

"Ninasikiliza," akasema Kornelia.

Lori la kumpeleka Hermani lilipita siku ya mnada. Uwanja ulijaa watu na mbuzi, Wairaqw, watu wa Kornelia, kutoka juu, Wabarabaig kutoka chini, na wafanyakazi wa shamba waliokuja kumuaga mganga wao. Alikuwa bado mwembamba, lakini koti lilikuwa na mtu ndani yake. Dereva alipiga honi. Hermani, badala ya kupanda mbele, alipanda nyuma, akasimama juu ya magunia, akaomba watu wamsikilize kama alivyozoea siku za Alhamisi.

"Nimewafundisha miaka saba kuua vijidudu," akasema. "Na bado nasema chemsheni maji, tumieni vyoo, na mgonjwa wa homa aje atibiwe, kwa maana dawa ndiyo iliyoniokoa na homa. Lakini sikuwafundisha kwamba vingine vinatulinda, kwa sababu sikuvifikiria. Nimemeza dawa bila mpango, karibu nizikwe. Aliyeniponya ni mama mkwe wangu, na maziwa ya kibuyu chake. Maziwa yake mwenyewe!"

Vigelegele vikapasuka. Wanawake wa kanisani, wale wale waliochoka kusikia habari za watoto wanane, walimsukuma Kornelia mbele. Hakuna kitu alichowahi kukitaka duniani kuliko hicho: mtu mwenye koti jeupe, juu ya lori, mbele ya mnada mzima, akitaja kibuyu chake. Alikaa ndani ya kelele ile kama mtu aliyeketi karibu na moto.

Halafu, kati ya wauza mbuzi, akamwona Mama Gidamis. Alikuwa amesimama amekunja mikono, na alikuwa amenyamaza. Alijua habari ya sabuni, na ilikuwa dhahiri usoni mwake kwamba hataisema, si leo wala siku nyingine. Kornelia angeweza kwenda nyumbani na fahari yake nzima.

Aliinua mkono, watu wakanyamaza. Akamtazama mkwe wake usoni, moja kwa moja, na watu wakaguna.

"Subiri, mwanangu," akasema. "Usiende chuoni na uongo. Maziwa yangu niliyaua. Ulipokuwa unakuja niliona aibu, nikaosha kibuyu kwa sabuni, mbegu ya mama yangu ikafa. Siku zako mbili za kwanza nilikunywesha limau. Aliyeitunza mbegu miaka kumi na moja, akahama nayo mara mbili, ni yule pale, Mama Gidamis. Nilimtangaza hapa hapa mnadani kwa ubaya, mlinisikia wote. Basi leo nisikieni tena."

Mtu mmoja akacheka kuhusu sabuni, wengine wakafuata, na Kornelia akawaacha. Alitembea katikati yao, akamshika Mama Gidamis mkono wenye bangili, akaja naye mpaka chini ya lori. Hermani alikuwa anawatazama kutoka juu, uso umemwiva kwa aibu ya kuonana na mama mkwe, na macho yana maji.

"Sasa, mama," akauliza, "wakiniuliza huko chuoni, niseme ni maziwa ya nani?"

"Sema ni ya kwetu," Kornelia akamjibu, kidevu juu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mbuzi, na mkono wa mwenzake hakuuachia mpaka lori lilipoondoka.